Umeona damu chooni? Usikubali jina la bawasiri kabla hujapimwa kwa kidole

Alikuja na mfuko wa khaki wenye tyubu tano za dawa ya kupaka. Nilizipanga mezani: mbili zimekamuliwa na kukunjwa hadi shingoni, kama dawa ya meno ya mwisho wa mwezi, moja haijafunguliwa kabisa. "Mwanangu," akaniambia, "mimi ni bawasiri tu, huu mwaka wa pili. Nitafutieni dawa kali zaidi." Nikamuuliza ni nani aliyempima kwa kidole. Mzee akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Hakuna aliyempima. Alishapita maduka matatu ya dawa, zahanati mbili na mganga mmoja, na wote walimsikiliza kutoka upande wa pili wa meza. Siku ile daktari alivaa glovu, na hazikupita sekunde kumi kabla hajaugusa uvimbe wenyewe.

Mimi ni muuguzi, na siku zangu nyingi zinaishia kwenye chumba cha kamera ya utumbo. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu aliyeona damu chooni, au anayepata maumivu kule nyuma, na anaona haya kumwambia hata mwenzi wake. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakufikisha kwake, na unakupa cha kudai ukishafika.

Hatua ya kwanza: iangalie damu yenyewe

Wengi wetu tunachamba kwa maji, basi damu kidogo huoshwa na kwenda zake bila kuonekana. Ukiwa na shaka, jifute kwanza kwa tishu nyeupe ndipo uchambe. Mwenye choo cha shimo, ambako hakuna kinachoonekana chini, hiyo tishu ndiyo ushahidi wake pekee.

Angalia rangi. Damu nyekundu mbichi inayodondoka baada ya choo, au inayobaki kwenye tishu, mara nyingi inatoka karibu na mlango wa haja kubwa. Damu iliyoiva, ya rangi ya maruni, iliyochanganyika na choo chenyewe au na makamasi, inatoka juu zaidi. Choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu nzito isiyo ya kawaida, kwa kawaida ni damu ya tumboni au utumbo wa juu, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kabla hujashtuka, jiulize: unameza vidonge vya kuongeza damu? Vidonge vya madini ya chuma hugeuza choo kuwa cheusi. Ulikula bitiruti jana? Nayo hupaka rangi nyekundu.

Kisha maumivu. Hapa kuna jambo la kimaumbile ambalo likieleweka linakusaidia kujijua. Ndani ya njia ya haja kubwa, sentimita chache tu kutoka mlangoni, kuna mstari. Juu ya mstari huo, ukuta wa utumbo hausikii kuchanwa wala kuchomwa sindano. Chini yake ni ngozi ya kawaida, tena yenye hisia kali kuliko ngozi ya mkono. Ndiyo maana bawasiri ya ndani hutoa damu bila kuuma. Ndiyo maana pia saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hukua kimya. Watu hufikiri kisichouma si kibaya. Huku nyuma mambo huwa kinyume: kinachokupigisha kelele chooni mara nyingi ni mchaniko mdogo tu wa ngozi, na kinachonyamaza ndicho cha kukukimbiza hospitali.

Andika kwenye simu yako: ilianza lini, inatoka kila siku au mara moja moja, choo kimebadilika vipi, umepungua uzito au la. Ukifika mbele ya daktari haya yatakutoka kichwani, nakuhakikishia.

Hatua ya pili: pima kama unaweza kusubiri

Nenda hospitali leo, hata kama ni usiku, ikiwa damu inatoka nyingi mfululizo, unasikia kizunguzungu au moyo unakwenda mbio. Ikiwa choo ni cheusi kama lami. Ikiwa tumbo limejaa, unatapika na hupitishi hata hewa. Au ikiwa pembeni ya njia ya haja kubwa kuna uvimbe unaopwita pamoja na homa. Huo wa mwisho ni jipu, na jipu la pale dawa yake ni kupasuliwa usaha utoke. Vidonge peke yake vinalichelewesha tu, na likichelewa linaweza kutoboa njia yake kupitia kwenye misuli na kuacha fistula, yaani tundu linalounganisha njia ya haja kubwa na ngozi ya pembeni na kuvuja usaha.

Nenda ndani ya wiki moja au mbili ikiwa choo kimebadilika mwenendo kwa zaidi ya wiki tatu bila sababu (kuharisha na kufunga kwa zamu, au choo kuwa chembamba), ikiwa unasikia haja isiyokwisha hata baada ya kutoka chooni, ikiwa uzito unashuka, au ikiwa umeambiwa una upungufu wa damu na wewe ni mwanaume, au mwanamke uliyekwisha koma hedhi. Usiseme "mimi bado kijana". Saratani ya utumbo mpana tunaiona kwa watu ambao hawajafika miaka 40, na wengi wao huchelewa kwa sababu hiyo hiyo ya ujana.

Waliobaki, wenye damu kidogo ya mara moja moja, nao wanahitaji kupimwa. Kwao hakuna haja ya kukimbia usiku, basi.

Hatua ya tatu: uende wapi, useme nini

Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Zahanati nyingi hazina faragha wala vifaa vya kazi hii, ingawa mganga mwenye glovu na moyo wa kazi anaweza kukupima hata kule. Ukiwa na bima, anzia kituo kinachoweza kukuandikia rufaa, la sivyo utafika hospitali ya kanda na kurudishwa dirishani.

Daktari unayemtafuta ni bingwa wa upasuaji. Nchi nyingine wana mabingwa wa utumbo mpana na puru peke yake. Kwetu Tanzania kazi hii kwa kiasi kikubwa hufanywa na mpasuaji wa jumla, akisaidiana na bingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kamera. Katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC utawapata wote wawili.

Fani yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya aibu hii hii. Mwaka 1835 daktari Frederick Salmon alifungua jijini London nyumba yenye vitanda saba kwa ajili ya maskini wenye fistula na magonjwa ya puru, watu ambao hospitali nyingine hazikuwa na hamu nao. Ndiyo iliyokuja kuitwa St Mark's, na wapasuaji wa fani hii duniani bado wanaitazama kama nyumbani. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa naye alikuwa na fistula, akapasuliwa mwaka 1686. Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi la kungojea, jua kwamba hata wafalme walilikalia.

Ukiingia, usiseme "nina bawasiri". Ukitaja jina la ugonjwa, unampa daktari aliyechoka njia ya mkato. Taja dalili: "Natokwa na damu nyekundu baada ya choo, mwezi wa pili sasa, haiumi, na nimepungua kilo nne." Akianza kuandika dawa bila kukuangalia, mwambie kwa adabu: "Samahani daktari, naomba unipime kwanza." Neno hilo halijawahi kumkosanisha mtu na daktari mzuri.

Hatua ya nne: kipimo cha kidole

Hapa ndipo watu wanapokimbia, basi nitakaa kidogo.

Hakuna haja ya kufunga kula wala kunywa dawa ya kuharisha. Nenda choo kama unaweza, chamba, inatosha. Utaombwa ulale kwa ubavu wa kushoto, magoti ukiyavuta kifuani, makalio yakiwa ukingoni mwa kitanda. Shuka inakufunika kuanzia kiunoni. Una haki ya kuomba daktari wa jinsia yako kama yupo, na una haki ya kuwa na muuguzi chumbani. Mimi nawaomba wanawake wadai hilo kila mara, na wanaume wasione ni mambo ya wanawake.

Kwanza daktari anaangalia kwa macho: mchaniko, kinyama kilichotoka, tundu dogo linalovuja usaha. Kisha glovu na jeli. Kidole kinawekwa mlangoni, kinasubiri msuli ulegee, ndipo kinaingia. Vuta pumzi kwa mdomo, na unapoitoa sukuma kidogo kama unayekwenda choo. Ukibana, utaumia, ukisukuma, msuli unafunguka wenyewe. Utahisi unataka kujisaidia. Haitatokea, ni hisia tu. Nusu dakika, kazi imekwisha.

Kidole kinafika sentimita 7 au 8. Si mbali, lakini uvimbe mwingi wa puru unakaa ndani ya umbali huo au karibu yake. Baada ya hapo huweza kuingizwa proktoskopu, bomba fupi lenye taa, ambalo ndilo linaloiona bawasiri ya ndani vizuri, kwa sababu bawasiri laini haishikiki kwa kidole. Hili mzee wa tyubu tano hakuambiwa na mtu: kidole kinatafuta kile ambacho *si* bawasiri.

Kuna hali moja ambapo daktari mwema ataahirisha. Ikiwa una mchaniko na unaruka ukiguswa tu, atakupa dawa, atakuita baada ya wiki chache, kisha atapima. Akisahau, mkumbushe.

Usiondoke bila kipimo cha damu cha kuangalia upungufu, na kipimo cha choo. Kwa mtu wa Mwanza, Ukerewe, Musoma au popote pembezoni mwa Ziwa Viktoria, kichocho cha utumbo kinaweza kutoa choo cha damu, na kina dawa yake ya vidonge. Amiba nayo ipo.

Hatua ya tano: majibu na matibabu ya nyumbani

Ikithibitika ni bawasiri, ina madaraja manne. La kwanza inatoa damu lakini haitoki nje. La pili inatoka wakati wa choo na kurudi yenyewe. La tatu inabidi uirudishe kwa kidole. La nne hairudi. Madaraja ya chini hutulia kwa chakula na maji. Isipotulia, hufungwa mpira mdogo shingoni ikanyauka na kuanguka baada ya siku kadhaa, bila nusu kaputi, kwa sababu inafungwa juu ya ule mstari usiosikia maumivu. Daraja la juu hupasuliwa. Bawasiri ya nje ikiganda damu ghafla, inakuwa kidonge cha zambarau kinachouma sana. Ukifika ndani ya siku tatu daktari anaweza kukiondoa, ukichelewa huachwa kipoe chenyewe.

Mchaniko unatambulika kwa maumivu kama kukatwa na wembe wakati wa choo, halafu moto unaobaki saa nzima au zaidi. Dawa yake si ile ya bawasiri. Huandikiwa mafuta yanayolegeza msuli, kwa mfano yenye diltiazemu au nifedipini. Mara nyingi hutengenezwa na mfamasia, hivyo usishangae kuambiwa urudi kesho.

Kwa yote mawili, kazi ya nyumbani ni ile ile. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya choo. Maji matupu. Nimeona ngozi iliyoungua kwa watu waliomimina dawa ya kuua vijidudu wakidhani wanasaidia. Kunywa maji ya kutosha. Kula nyuzinyuzi, gramu 25 hadi 30 kwa siku: dona badala ya sembe, maharage, kunde, mchicha, matembele, papai, parachichi. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago kule Kampala, ndiye aliyeisumbua dunia kwa hoja ya nyuzinyuzi. Aliona wagonjwa wake wa vijijini wana choo kingi na laini, na magonjwa ya utumbo yaliyojaa Ulaya hapa ni adimu. Hoja zake nyingine zimebishaniwa, lakini kwa choo kigumu bibi zetu na Burkitt wako upande mmoja. Chakula kisipotosha, isabgoli, yaani maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji, ipo kwenye maduka ya viungo ya Wahindi: kijiko kimoja kwenye glasi nzima ya maji, unywe upesi kabla hakijawa uji, halafu glasi nyingine juu yake. Ukila bila maji, utaziba zaidi.

Chooni usikae na simu. Dakika tano, hakuna kitu, inuka. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia. Mwenye cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu.

Na tafadhali, dawa za "kuunguza" bawasiri zinazouzwa mitaani ziache. Zile kali huunguza kila kitu, kisha kovu linajikaza na njia inasinyaa. Mtu anarudi kwetu hawezi kupitisha choo kinene kuliko penseli.

Hatua ya sita: ukiandikiwa kamera

Utumbo mpana una urefu wa mita moja na nusu hivi. Kidole na proktoskopu vinaona mlango tu, na huko juu ni kazi ya kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa kwenye utumbo mpana. Kabla hujakubali tarehe, uliza bei ya vitu vitatu: kipimo chenyewe, dawa ya kusafisha utumbo, na maabara ya kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa ndani ya utumbo ili kichunguzwe, kama kitachukuliwa. Mara nyingi huandikwa kwenye risiti tofauti, na nimeona watu wakikwama kwenye ile ya tatu. Taja mapema kama una kisukari, ugonjwa wa figo au moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usijisimamishie dawa hizo wewe mwenyewe. Vidonge vya chuma husimamishwa wiki moja kabla, kwa maelekezo ya daktari.

Siku tatu kabla, geuza ule ushauri wote wa nyuzinyuzi. Sasa kula wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku bila ngozi, viazi vilivyomenywa. Acha maharage, makande, mboga za majani, karanga, na kila chenye mbegu: nyanya, pasheni, mapera, tikiti. Mbegu moja ya pera huziba bomba la kufyonzea, na daktari anapoteza dakika kumi kuhangaika nayo.

Siku moja kabla, vitu vyepesi vya majimaji pekee: chai ya rangi, supu iliyochujwa, juisi ya tufaha iliyochujwa, soda isiyo na rangi. Hakuna maziwa. Hakuna chochote chekundu wala cha zambarau, hasa rosela, kwa sababu ndani hufanana na damu.

Dawa ya kusafishia ni unga wa kuchanganya na maji, lita 2 hadi 4 kutegemea aina. Inywe kwa awamu mbili. Kipimo kikiwa saa nne asubuhi, awamu ya kwanza anza saa moja jioni, ya pili saa kumi alfajiri, umalize saa kumi na mbili. Najua saa kumi alfajiri ni adhabu, lakini wanaokunywa yote jioni hufika na utumbo ulioanza kuchafuka tena. Iweke ibaridi, tumia mrija, glasi moja kila robo saa. Ukisikia kichefuchefu, pumzika nusu saa, kisha endelea. Paka mafuta mazito ya mgando kule nyuma kabla ngozi haijachubuka. Unajua umesafika pale kinachotoka kinapokuwa maji ya njano mepesi, unaona chini ya sinki. Kikiwa bado matope, mwambie muuguzi ukifika. Hatutakugombeza; tutakuongezea dawa au tutapanga tena.

Unatoka mkoani? Fika mjini siku moja kabla na ulale karibu na choo. Kulikuwa na dada mmoja aliyeanza kunywa dawa kwenye basi akidhani atawahi. Sitaeleza zaidi.

Njoo na mtu mzima mwenzako. Utapewa dawa ya usingizi mwepesi, na siku ile hutaendesha gari wala bodaboda wala kusaini hati yoyote. Kipimo huchukua nusu saa, pengine zaidi. Utumbo kutoboka ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa kila elfu wanaopimwa bila kukatwa chochote, lakini ukirudi nyumbani na tumbo likauma sana, au ukapata homa au damu nyingi, rudi siku hiyo hiyo. Kutoa hewa kwa kelele baada ya kipimo ni jambo zuri. Toa, tumezoea.

Hatua ya saba: fuata jibu la kinyama

Droo yetu ina majibu ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua. Mtu aliambiwa "tumetoa kipolipu kidogo, endelea na shughuli zako", akasikia nusu ya mwisho tu. Kipolipu ni kiotea kidogo kwenye ukuta wa utumbo; huchukua miaka, mara nyingi kama kumi, kugeuka saratani, na kukitoa ndiko kinga yenyewe. Lakini aina yake, ambayo maabara peke yake inaijua, ndiyo inayosema urudi baada ya muda gani. Kabla hujashuka kitandani, uliza mambo matatu: umechukua kinyama? jibu ni lini? nalichukua dirisha gani? Mwambie aliyekusindikiza aandike, kwa kuwa wewe bado una usingizi na utasahau.

Jibu likiwa saratani, utapelekwa picha ya CT, kisha madaktari wataamua kipi kianze. Ya puru mara nyingi huanza na mionzi, ambayo kwa Tanzania inapatikana, kwa mfano, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road na Bugando, ndipo upasuaji. Ukiambiwa utawekewa mfuko wa choo tumboni, uliza kama ni wa muda au wa kudumu, uliza mifuko utaipata wapi na kwa bei gani, na uombe mahali pa tundu pawekwe alama ukiwa umeketi na umevaa suruali au khanga yako, si umelala tu. Likikaa kwenye mkunjo wa tumbo au kwenye mstari wa mkanda, mfuko utavuja kila siku.

Halafu waite ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako. Wao wanashauriwa kuanza kamera wakiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri uliogunduliwa wewe, lolote litakalotangulia. Mzee wa tyubu tano naye aliwaita wake. Mwanawe wa kwanza alikuja mwenyewe mwaka uliofuata, na begi lake na mrija wake, akasema baba amemwambia ile dawa inyweke ikiwa ya baridi.